Nyani Mwenye Khati Nzuri

Akala za mzee yule hazikuwa pacha. Ya kulia ilikuwa akala kama akala yoyote ya sokoni Garsen. Ya kushoto fundi aliikata makusudi kwenye tairi la lori, pana kama sinia la chai, na kamba zake akaziunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli ili ziweze kuuzunguka mguu ambao, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, ulikuwa umevimba na kukakamaa, ngozi imejaa mikunjo na magamba kama gome la mwembe mkongwe. Kila alasiri alifika kwenye benchi la duka pale Nanighi, juu ya ukingo wa mto Tana. Alikaa, akauinua mguu kwa mikono miwili kama anayeinua mzigo wa mtu mwingine, akauweka sawa, akateremsha kikoi mpaka akala isionekane. Baada ya hapo ndipo alipoitikia salamu. Ungemwamkia hata mara tatu akiwa bado anahangaika na kikoi, asingekujibu, na hakuwa na kiburi hata chembe. Kwake sitara ilitangulia maneno.

Alikuwa mtu wa chini, kama wanavyosema watu wa mto: wa Ozi, karibu na Kipini, ambako Tana inaingia baharini. Alipanda juu mwanzoni mwa miaka ya 1980, mradi wa umwagiliaji wa Bura ulipokuwa ukiita watu kutoka kila pembe ya Kenya waje walime pamba. Maji ya mashamba yale yalivutwa kwa pampu kutoka mtoni hapa Nanighi, na yeye akapata kibarua cha kuzibua mifereji. Wakati huo mguu ulikuwa ukivimba na kunywea, ukivimba na kunywea, pamoja na homa za siku tatu au nne. Mwaka mmoja ukavimba ukakataa kunywea.

"Nilitegwa," aliniambia, tulipokuwa tumezoeana kiasi cha yeye kunena na mimi kunyamaza.

Alikuwa kijana, anatoka kuvua, njaa inamuuma. Njiani palikuwa na mwembe wa mjane mmoja, umezaa mpaka matawi yanagusa chini. Tawini palining'inia chupa na kipande cha kitambaa chekundu. Alikiona kile kitambaa, wala hakunificha kwamba alikiona na akajua maana yake. Akala maembe mawili. "Mawili tu, mwanangu. Na bei yake ndiyo hii," akasema, akigonga kikoi kwa vidole.

Pale Nanighi wapo waliosimulia vingine. Walisema, kwa sauti ya chini na macho yakielekea benchini, kwamba hayakuwa maembe bali mke wa mtu. Sikutaka kujua. Lililonishughulisha ni kwamba pande zote mbili, yeye na wanaomsengenya, walikubaliana juu ya jambo moja: mguu ule ni hukumu iliyoandikwa mwilini ili isomwe na kila apitaye.

Kiswahili kina majina ya kutosha kwa mitego ya aina hii, na kila jina lina mahali pake. Fingo huzikwa ardhini kulinda mji au nyumba. Kago huwekwa shambani au mtini. Tego humlinda mke, au tuseme humlinda mume asifedheheke. Utotoni nilisikia habari za mitego hii nyingi kuliko nilivyosikia habari za polisi. Mwizi wa nazi aliyeganda juu ya mnazi hadi kukapambazuka, mwenye shamba akaja na jamaa zake wakakaa chini wakamtazama. Mwizi wa kuku aliyekuwa akifungua kinywa kuongea, anawika. Mla mahindi ya watu ambaye tumbo lilimfura, akatembea nalo mtaani kama mjamzito. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipotambua kwamba katika hadithi hizo karibu hakuna anayekufa. Mwizi akifa atazikwa, na msiba una heshima zake. Watu watamsomea, watasema alikuwa mwenzetu. Mwenye shamba asiye na askari wala mahakama ya karibu hana haja ya maiti. Anataka mtu aliye hai, anayetembea, ambaye kila anapopita, mwembe unalindwa.

Ndiyo maana uchawi wa namna hii hauigusi roho. Huligusa umbo tu, kisha ukawaachia watu kazi iliyobaki.

Kazi hiyo ni ipi, lugha yenyewe inatuonyesha. Tuna aibu na tuna haya, na anayeyachukulia maneno haya kuwa ni mamoja hajakaa pwani sana. Aibu humpata mtu. Haya tunamwonea mtu. Namwonea haya mkwe wangu, mzee wa mtaa, mwalimu aliyenifunza; mbele yao nashusha sauti, nafunga vifungo vya shati, nazima sigara. Anayeonewa haya ana cheo hata kama hana senti. Aliyepigwa uchawi wa kubadilishwa umbo hupewa aibu na kunyang'anywa haya, yote kwa pamoja. Watoto humfuata nyuma wakiigiza mwendo wake. Watu wazima humuuliza hadharani, tena mbele za wanawake, maswali ambayo wasingethubutu kumuuliza mwanamume mwingine yeyote: analalaje, anavaaje, mkewe anasemaje. Mwenye busha hupatwa na aibu zaidi ya mwenye mguu, kwa sababu uvimbe wake uko pale ambapo sitara ni lazima, na kwa sababu pwani nzima kuna watu watakaokuambia alikunywa madafu mno, wanakuambia huku wanacheka.

Katika Alfu Lela U Lela kuna mwana wa mfalme aliyegeuzwa nyani na jini kwa hasira. Kisa hiki nimekirudia mara nyingi, na kila nikirudi nakuta jambo ambalo halikunigusa mara iliyopita. Nyani yule anapanda jahazi la wafanyabiashara. Mabaharia wanataka kumuua, nahodha anamhurumia. Wanafika mji ambao waziri wake, bingwa wa khati, amefariki, na mfalme anatafuta mtu wa kushika kalamu yake. Nyani ananyakua karatasi. Wanapiga kelele wakidhani atairarua au kuitupa baharini, naye anaandika mashairi kwa khati hii na ile, kila moja imenyooka kuliko mwenzake. Mfalme anapoiona anaagiza mwandishi huyo avishwe joho aletwe, na watumishi wanashindwa kujizuia kucheka. Nyani anabusu ardhi mbele ya mfalme, anakula kwa adabu, anacheza sataranji na kushinda. Akili yote imo, malezi yote yamo. Mfalme anafurahi kama mtu aliyepata kitu cha ajabu cha kuwaonyesha wageni.

Hapo ndipo anapomwita binti yake aje ajionee. Binti anaingia, anamwona nyani, na mara hiyo hiyo anajifunika uso. Baba yake anashangaa: humu nimo mimi, na huyu kijana mtumishi wetu, na nyani, unajifunika kwa ajili ya nani? Binti anamjibu kwamba huyu ni mwanamume, mwana wa mfalme, amerogwa.

Mfalme alimvisha nyani joho la heshima, akampa chakula chake, akamsifu, na bado alikuwa akimtazama nyani. Yule msichana ndiye wa kwanza kumwonea haya. Baadaye atapigana na jini kwa uganga wake, wageuke simba na nge na tai na moto, naye afe na kuwa majivu, na mwana wa mfalme arudishiwe umbo lake akiwa amepoteza jicho moja kwa cheche. Watu hukumbuka vita. Mimi nimebaki pale mlangoni, kwenye ule mkono unaovuta ushungi.

Watu wa mto huu wana visa vyao vya kugeuka. Wasomali wana Qori Ismaris, mtu anayejisugua kijiti jua likizama akawa fisi, na alfajiri akajisugua tena akarudi kuwa mtu. Lakini huyo kijiti ni chake, anageuka kwa hiari na kwa faida yake, na watu wanamwogopa. Anayeogopwa hajadhalilika. Na kila mtoto aliyesoma chuoni anajua kisa kilicho katika Qurani cha watu waliovunja amri ya Sabato wakaambiwa wawe nyani. Wengi wa wafasiri wanasema waligeuka kwa miili yao. Mujahid, mfasiri wa Makka wa kizazi kilichowafuata masahaba, alisema zilizogeuzwa ni nyoyo, miili ikabaki ya watu. Nimeifikiria kauli hiyo ya Mujahid nikiwa nimekaa benchini Nanighi, nikiwatazama vijana wazuri wa sura wakimwigiza mzee.

Ugonjwa wake una jina la kila siku, matende. Huja kwa minyoo myembamba kama uzi, jike lake likifika urefu wa sentimita 8 hadi 10, inayokaa kwenye mishipa ya limfu na kuishi humo miaka 6 hadi 8 huku ikizaa mamilioni ya vijidudu. Mishipa ikiharibika maji ya mwili yanakosa njia, mguu unajaa, au pumbu. Anayeihamisha minyoo kutoka mtu hadi mtu ni mbu. Aliyegundua hivyo ni Patrick Manson, daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Amoy, China, mwaka 1877. Alimlaza mtunza bustani wake, aliyekuwa na vijidudu hivyo, mahali penye mbu, asubuhi akawakusanya waliokwisha kushiba na kuwapasua chini ya hadubini. Akawakuta vijidudu ndani wakiendelea kukua. Hata yeye hakulipata lote. Alidhani mbu hufia majini na watu huyanywa maji hayo. Mwaka 1900 ndipo George Low alipowaona vijidudu kwenye mdomo wenyewe wa mbu.

Kuna sehemu ya ugunduzi huo ambayo watu wa Tana wangeielewa bila kuelezwa mara mbili. Vijidudu hivi hukaa ndani ya mwili mchana, na usiku hutoka kuja kwenye damu iliyo karibu na ngozi, wengi zaidi kati ya saa nne na saa nane, saa ambazo mbu hutembea. Kwa hiyo kwa miaka mingi watafiti waliotaka kupima damu katika vijiji vya pwani iliwabidi waje usiku, na taa, na sindano, wagonge mlango wa mtu wakiomba tone la damu. Fikiria mtu aliyelelewa kuamini kwamba wanga ndio watembeao saa hizo.

Tana River ni moja ya kaunti sita za Kenya zenye ugonjwa huu, pamoja na Kilifi, Kwale, Mombasa, Lamu na Taita Taveta. Ugawaji wa dawa kwa watu wote ulianza Kilifi mwaka 2002, ukakatizwa, ukarudiwa. Mwaka 2018 Lamu na sehemu ya Mombasa wakapewa dawa tatu kwa mpigo. Zanzibar ilikuwa imeanza mwaka 2001. Shirika la Afya Duniani linahesabu wanaume milioni 25 duniani wenye mabusha na zaidi ya watu milioni 15 waliovimba viungo. Mgonjwa wangu mmoja alikuwa benchini, na namba hizo hazikumfanya ajione ana wenzake.

Maana nilimweleza. Nilichukua kijiti nikachora mbu mchangani, nikachora mguu, nikachora uzi ndani yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama wazee wa huku wanavyokusikiliza hata ukisema lisilo na maana. Kisha akauliza:

"Mbu huyo aliwauma watu wote wa Ozi?"

"Wote, mzee."

"Na minyoo waliipata wote?"

"Wengi, zamani zile."

"Mbona mguu ukawa wangu?"

Nikamwambia kwamba wengi wanaobeba minyoo hawavimbi maisha yao yote. Kwamba ni kuumwa mara elfu tangu utoto. Kwamba vidonda katikati ya vidole hufungulia vijidudu vingine mlango, na kila homa ikaongeza uvimbe. Yalikuwa maneno ya kweli, na nilihisi yanavyopungukiwa. Kago lilikuwa na jibu la swali lake: kwa sababu ulikula maembe. Mbu hana jibu la namna hiyo.

Alinyamaza muda mrefu. Mtumbwi ukavuka kutoka ng'ambo na mbuzi wawili na baiskeli, ukashusha, ukarudi. Ndipo aliposema, bila kunitazama:

"Basi yule bibi nilimwonea."

Sikuwa nimefikiria habari za yule bibi. Alikuwa kwangu mwenye mwembe tu. Sasa akanisimulia kilichofuata maembe. Mguu ulipokataa kunywea alirudi Ozi, na jamaa zake wakaenda kwa mjane wakamtaka aondoe alichokiweka. Mjane akaapa kwamba chupa ile ilikuwa ya kutishia watoto na ndege. Akapanda mwenyewe, mtu wa umri wake, akakikata kile kitambaa mbele yao. Mguu ukabaki vilevile. Watu wakaacha kutuma watoto kwake kuomba moto. Wakaacha kumwalika kwenye harusi. Akahamia kwa ndugu zake upande wa Witu, na huko ndiko alikozikwa, kitambo sasa.

Nilikuwa nimekuja na mbu wangu wa mchangani nikidhani namwondolea mtu laana. Nikampa deni ambalo mdai wake amekufa. Naamini bado kwamba ilikuwa haki ajue. Lakini nilipomwona akiupangusa ule mchoro kwa akala ya kulia, taratibu, mpaka mchanga ukawa sawa, nilijua kwamba kweli nayo ina mahali inapoumiza.

Uvimbe wa aina hii haujawahi kumtosha mtu mmoja. Hutafuta wa pili, wa kushitakiwa, na huyo naye huhukumiwa kwa umbo lake. Kilifi, safari si ndefu kutoka Garsen, wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na mvi zikawa kama ushahidi, hata wengine wamelazimika kukimbilia kituo cha Kaya Godoma, Ganze, wakaishi humo mbali na wajukuu zao. Usukumani, Tanzania, vikongwe waliuawa kwa macho mekundu, macho yaliyopikia ukoo mzima kwa moshi wa kuni. Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925, na ndani yake anaadhibiwa hata anayemtangaza mwenzake kuwa mchawi. Mjane wa Ozi hakushitakiwa popote wala hakushitaki. Kwake ilitosha watoto kuacha kuja kuomba moto.

Mguu wa matende haurudi ulivyokuwa. Busha hupasuliwa, upasuaji usio mkubwa, na mwanamume akarudi kuvaa suruali yake. Mguu unatunzwa tu. Mhudumu wa afya wa jamii alimfundisha mzee na watu wa nyumba yake: maji safi na sabuni kila siku, kukausha vizuri katikati ya vidole kwa kitambaa, kutia dawa penye mchubuko, kuuinua mguu wakati wa kulala, kuzungusha kifundo. Wakifanya hivyo homa hupungua na harufu huisha. Harufu ndiyo iliyokuwa ikimtoa msikitini. Alizoea kuswali nje, kwenye mchanga, nyuma ya safu ya mwisho.

Siku yangu ya mwisho Nanighi nilikwenda kumuaga nyumbani. Nilimkuta uani, chini ya mwembe, kikoi kimepandishwa gotini, mguu umo katika beseni la plastiki la buluu. Mara ya kwanza nauona mchana, wote, bila kitambaa. Mjukuu wake wa kike, wa miaka kumi na miwili hivi, alikuwa amechuchumaa akipitisha kidole chenye sabuni ndani ya kila mkunjo, mmoja mmoja, kama anayeosha mtoto mchanga. Alikuwa akimtania, "Mume wangu, tulia, utanirushia maji," kama wajukuu wa pwani wanavyowatania babu zao, na mzee anajibu kwamba mke gani huyu, anamkwaruza. Hakukimbilia kikoi aliponiona. Alinionyesha kigoda, na kwa mara ya kwanza aliitikia salamu yangu papo hapo.

Mkazamwanawe akaja kutoka mtoni, mtungi kichwani, leso imefungwa kiunoni, mabega wazi kwa jua. Alipopinda kona ya nyumba akamwona baba mkwe ameketi na mguu wake ndani ya beseni. Akasimama. Akautua mtungi, maji yakamwagika kidogo, akafungua leso kiunoni akajitanda kichwa na mabega, akaivuta mbele mpaka yakabaki macho, akayainamisha. Ndipo aliposogea hatua mbili na kumwamkia.